Barua kwa mwanangu aliyeko Muscat

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete hatujambo, isipokuwa mama yako magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Karafuu za mwanzo tumeshaanika.

Habari ya kuachishwa kazi yako ya ukocha wa mpira nimeipata kwa ndugu yako, si kwako. Nasikia hii ni wiki ya tatu umo chumbani kwa rafiki yako, na ukiulizwa unarudi lini unajibu "bado". Simu yangu huipokei. Najua kinachokuweka huko: unajiona unashuka botini Mkoani na begi lako, na kila unayekutana naye bandarini anakuuliza mbona mapema hivi. Kwa hiyo nimeamua kuandika.

Ulipokuwa beki wa kushoto, ukicheza vibaya Jumapili ulikalishwa benchi, wiki ya pili yake ukarudi uwanjani. Kocha hana wiki ya pili. Vijana kumi na mmoja wakikosea, anayefungishwa virago ni yeye. Na wewe ulikuwa msaidizi tu. Kocha mkuu wako alipoondolewa, benchi zima la ufundi likaondoka naye. Nimesikitika, baba, sikufichi. Lakini sioni aibu iko wapi.

Unamkumbuka Emmanuel Amunike? Mnigeria yule, mimi nilikuwa nikikusimulia habari zake ungali mdogo: mwaka 1994 aliwafunga Zambia mabao yote mawili kwenye fainali ya AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, na mwaka 1996 akafunga bao la ushindi dhidi ya Argentina kwenye fainali ya Olimpiki. Alichezea Barcelona, magoti yakamwangusha. Akageuka kocha, na mwaka 2015 vijana wa Nigeria wa chini ya miaka 17 wakachukua Kombe la Dunia kule Chile chini yake. Ndipo akaja kwetu, akaipeleka Taifa Stars AFCON ya 2019 baada ya miaka 39 ya kungoja. Kule Misri tulifungwa mechi zote tatu, na mwezi wa saba akaondolewa. Mtu wa historia ile! Mimi hadi leo nikimtaja, nataja kwamba ndiye aliyetupeleka.

Halafu yuko kocha wa kwetu, Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco. Mwaka 2017 ulikuwa na sisi jukwaani ukisikiliza redio kwenye simu yangu, kwa hiyo yale ya Machi na Julai unayajua: CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliipa Zanzibar yetu uanachama, miezi minne baadaye ikatunyang'anya. Kisiwa kizima kiliachishwa kazi, ukitaka kusema hivyo. Desemba ileile Morocco akawapeleka vijana wetu wa Zanzibar nchini Kenya kwenye Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati. Wakaifunga Bara, wakaifunga Uganda kwenye nusu fainali, na fainali kule Machakos wakatoka nyuma mara mbili mbele ya wenyeji, mbili kwa mbili, mpaka penalti zikatutoa. Hatukurudi na kombe. Vijana walipokewa vipi Unguja, umesahau?

Miaka sita baadaye, Januari 2024, Taifa Stars ikabaki bila kocha katikati ya AFCON kule Ivory Coast, akaitwa yeye. Novemba mwaka huo tukaifunga Guinea bao moja kwa bila, tukafuzu AFCON ya 2025. Na kabla ya mashindano yenyewe kufika, akaachana na timu, akakabidhiwa Miguel Gamondi. Niliumia siku ile kama vile ni wewe. Lakini kuna mtu huku Pemba anayemcheka Morocco? Sijamsikia.

Sasa niruhusu neno moja la mzazi aliyekutazama tangu unapiga mpira wa matambara. Video ya mazoezi uliyonitumia mwezi ule niliitazama mara nyingi. Kila zoezi unalionyesha wewe mwenyewe. Unapiga krosi, wale vijana wamesimama wanakuangalia, tena wanakupigia makofi. Mguu wako bado mzuri, mashallah, lakini yule kijana mwembamba wa kushoto alikosea krosi tatu, na wewe badala ya kumwambia mguu wake wa kusimamia uko mbali na mpira, ukapiga ya nne wewe. Hilo ndilo la kujifunza. Kozi ya ukocha ya daraja C uliikatiza ulipopata safari, ukirudi, imalize. Nitauza karafuu, ada usiiwaze.

Pale uwanja wa nyuma ya skuli kuna watoto kama thelathini, wa miaka kumi mpaka kumi na mbili. Wanacheza wenyewe jioni, wote wanaukimbilia mpira kama nyuki, hakuna wa kuwatenganisha. Mimi nimejaribu kuwapanga, pumzi hainitoshi. Kuna mmoja anatumia mguu wa kushoto, mfupi, mkaidi, hatoi pasi hata umwombe. Nikimtazama nakuona wewe.

Nimewaambia unakuja. Wameniuliza siku gani, nikasema nitawajibu. Kwa hiyo nipigie unijulishe, nikupokee Mkoani mwenyewe. Mama yako anasema usinunue zawadi yoyote. Mimi naomba mipira, hata miwili, ile saizi ya watoto.

Baba yako