Akili unde itatufaa tukijifunza kuiagiza

Mhariri,

Ninaendesha saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, na kila siku ninaketi na watu wanaotaka kuchapiwa barua za kazi, maombi ya basari na kumbukumbu za mikutano ya chama. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali kwa maandishi, ilipotoka Novemba 2022, wengi wao huja wakiwa wamekwisha kuiuliza kwa simu, na hulalamika kwamba akili unde haina faida. Nikiwaomba wanionyeshe walichoiandikia, mara nyingi huwa ni maneno manne tu: "Andika barua ya kazi." Ninaamini tatizo letu kubwa limo katika maneno hayo manne.

Programu hizi huunda jibu kwa kukadiria neno linalofaa kufuata yaliyotangulia, kulingana na maandishi mengi mno zilizofunzwa kwayo. Mtu asipoeleza yeye ni nani na anamwandikia nani, programu huijaza nafasi hiyo kwa mambo iliyoyakuta mara nyingi katika maandishi hayo, ambayo huenda hayahusiani kabisa na Kisumu. Hivi majuzi kijana mmoja aliniletea ombi la basari lililoelekezwa kwa "Afisa Mtendaji wa Kata", cheo cha Tanzania ambacho sisi hatuna, na mwishoni yalikuwapo bado mabano yaliyosema "weka jina lako hapa". Nakala moja ya barua hiyo alikuwa ameshaipeleka ofisini.

Tulianza upya. Aliandika kwamba yuko mwaka wa pili katika chuo cha kiufundi, kwamba barua itasomwa na kamati ya basari ya wadi, kwamba isizidi ukurasa mmoja wala isitaje jambo ambalo hakulisema, na kwamba kabla ya kuandika chochote imuulize kwanza maswali matano. Maswali yakaja. La tatu lilitaka kujua ni nani anayemlipia karo. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaandika habari za nyanyake anayeuza omena Dunga, ambaye barua ya kwanza haikumtaja hata kwa neno moja. Katika maagizo yote ninayowafunza wateja wangu, "niulize kwanza" ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu humsaidia hata yule asiyejua ni habari gani inayohitajika.

Wapo wanaoshikilia kwamba lazima tuandike kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba programu hizi zimesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, lakini anayejikwaa katika Kiingereza huacha nusu ya habari kichwani mwake, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa zaidi. Mama mmoja kutoka Ahero aliuliza kwa Kiingereza cha kubahatisha kuhusu mbolea ya mahindi, akaletewa orodha ndefu isiyomfaa. Alipoeleza kwa Kiswahili kwamba shamba lake ni robo ekari, udongo ni mweusi na hutuamisha maji, alipanda kwa mbolea ya DAP, mahindi yamefika magotini, na pesa alizo nazo zinatosha kilo 25 tu za mbolea ya kukuzia ya CAN, alipata maelezo mafupi aliyoweza kumpelekea afisa wa kilimo ili ayathibitishe.

Huko kuthibitisha ninakusisitiza sana. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York pamoja na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, ilhali mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyo hiyo kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kuwa ni za kweli. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka muhtasari wa sura ya kitabu aibandike sura yenyewe, aiagize programu itegemee maandishi hayo pekee, kisha arudi kitabuni kulinganisha. Nambari ya kitambulisho na namba ya siri ya M-Pesa zisiandikwe humo kamwe. Barua inaweza kutungwa bila hizo, zile zinazohitajika zikajazwa kwa mkono.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba utenge pembe ndogo katika ukurasa wa elimu, na kila wiki uchapishe agizo moja kama lilivyoandikwa mara ya kwanza, na lilivyoandikwa baada ya kurekebishwa, pamoja na majibu yake mawili. Walimu wa Kiswahili wangeweza kulitumia darasani, maana kueleza kusudi, msomaji na kiwango ni kazi ile ile wanayoifundisha katika uandishi wa insha na barua rasmi. Niko tayari kukutumia mifano kutoka kwa wateja wangu, kwa idhini yao na bila majina, kuanzia na ile barua ya basari.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu