Ufagio wa Mtaa wa Auburn

Mhariri,

Nilikulia Tanga nikisikia kwamba Frimasoni ni kafara na utajiri wa ghafla. Sasa naishi Atlanta, Marekani, na kila nikipita Mtaa wa Auburn nalitazama jengo la matofali la loji ya Prince Hall (tawi la Frimasoni la Wamarekani Weusi), lililojengwa na Frimasoni Weusi wakiongozwa na John Wesley Dobbs. Humo ndimo ilimokuwa WERD, redio iliyonunuliwa na Jesse Blayton mwaka 1949, ya kwanza nchini humo kumilikiwa na Mweusi. Martin Luther King alikuwa na ofisi humo humo, chini ya studio ya redio hiyo. Wazee husimulia kwamba alipotaka kuzungumza hewani aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na mtangazaji akamteremshia kipaza sauti dirishani. Naomba gazeti letu liandike na habari hizi.

Mtanga aliyeko Atlanta