Kwako wifi: supu isimwagike kabla ya kufika mdomoni

Wifi yangu,

Assalamu alaykum. Unataka kununua mjini boksi la vile vifuko vya unga vya Kichina vilivyogandishwa, vyenye supu ndani, xiaolongbao, uende navyo Pemba, na swali lako ni vipikwe dakika ngapi tu. Dakika ni jambo dogo. Ukijua supu imeingiaje mule ndani, mengi utayapata mwenyewe.

Hakuna anayemimina supu kwenye unga mbichi. Unajua mchuzi wa kongoro ukilala kwenye friji: asubuhi unaukuta umeganda, unatikisika, unakatika kwa kisu. Ndivyo wafanyavyo kule Nanxiang, pembezoni mwa Shanghai, ambako chakula hichi kinasifika toka zamani. Huchemsha ngozi na mifupa mpaka mchuzi ugande, huukatakata, huuchanganya na nyama ya kusaga, kisha hufunga kwa unga uliosukumwa mwembamba na kuufinya mikunjo juu. Mvuke ukipiga, mgando unayeyuka na kuwa supu.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, uliza ngozi hiyo ni ya nini. Asili yake ni nguruwe, na hata boksi lenye picha ya kuku linaweza kuwa na mgando wa nguruwe. Soma vilivyomo mpaka mwisho: tafuta pork, lard, na gelatin isiyoelezwa imetokana na nini. Tafuta pia mvinyo wa Shaoxing, hutiwa sana kwenye nyama ile. Maandishi yakiwa ya Kichina matupu, 猪 ni nguruwe, 鸡 ni kuku, 牛 ni ng'ombe. Ukiona 肉, yaani nyama, peke yake, jua kwamba kwa Wachina nyama isiyotajwa jina kwa kawaida ni ya nguruwe. Lisilo na alama ya halali unayoiamini, liache humo humo kwenye friza la duka.

Halafu litikise boksi. Vifuko vizima vinagongana kama kokoto. Likiwa kimya, au ndani ya mfuko mmejaa chenga za barafu, vilishayeyuka vikagandishwa tena. Mgando huo unayeyuka kwenye nyuzi joto 30 na kitu, joto la mchana wa kaskazi ndani ya gari. Ukiyeyuka mapema, maji yananywewa na unga, vifuko vinashikana bonge moja, na ukivitenganisha vinachanika. Basi kwenye meli vipakie katika kasha la barafu, barafu chini na juu. Nyumbani, umeme ukikatika, usifungue friza: lililojaa hushika baridi kama saa 48, lililojaa nusu kama 24. Vikikaa vimeyeyuka bila baridi zaidi ya saa mbili, vitupe. Nyama ile mara nyingi ni mbichi.

Kupika sasa. Usiviyeyushe kwanza, hata kidogo. Vinatoka kwenye friza, vinaingia kwenye mvuke.

Chombo chake hasa ni kapu la mianzi lenye kifuniko. Ndiyo maana ya xiaolong, kapu dogo. Huna, chukua sufuria pana, tia maji kiasi cha vidole vitatu, pindua bakuli la bati katikati, juu yake weka sahani ya bati yenye matundu. Maji yasiiguse sahani. Chini ya vifuko lazima pawe na kitu, la sivyo tako la kifuko linanata, unanyanyua juu na supu inabaki chini. Watu hutumia karatasi au majani ya kabichi. Mimi naona jani la mgomba ni bora kuliko vyote: lipitishe juu ya moto mpaka rangi ikolee na lilegee, lipake mafuta kwa ncha ya kidole, ulitoboetoboe mvuke upite. Panga vifuko kwa nafasi ya vidole viwili, vinavimba.

Subiri maji yachemke kwelikweli ndipo uviweke. Mfuniko ufunge kitambaa, ncha zake uzikusanye juu zisishike moto. Bila kitambaa, matone yanadondokea unga na juu panakuwa ugiligili. Vya gramu 25 au 30 hutaka dakika 10 mpaka 12, lakini boksi likisema vyengine fuata boksi. Usifunue katikati. Vikiiva, unga unang'aa, unaona supu inacheza ndani, na kifuko kimelala kidogo kama mfuko wa maji. Ukizidisha muda, unga unachoka na kupasuka. Mikrowevu inaukausha ukawa kama ngozi ya kiatu, na ukivichemsha ndani ya maji vinapasuka.

Zima moto, ngoja dakika moja. Kisha shika pale juu kwenye mikunjo, penye unga mnene, na kijiko kitangulie chini. Ubavuni usiguse.

Sosi yake kule ni siki nyeusi ya Zhenjiang na tangawizi iliyochanwa nyembamba kama nyuzi. Hapa tia siki ya kawaida vijiko viwili, sosi ya soya nusu kijiko, sukari chembe. Ndimu inafaa pia. Ukwaju hapana, unaifunika supu.

Kula kimoja kimoja: kiweke kwenye kijiko, toboa ubavuni kwa jino, acha mvuke utoke, nywa supu, ndipo uchovye. Watoto uwatobolee wewe na usubiri dakika mbili tatu. Ile supu inaunguza ulimi vibaya kuliko chai, kwa sababu ina mafuta na imefungiwa.

Pika vinavyoliwa tu. Vilivyokwisha pikwa, ukivipasha kesho, supu yote imeshanywewa na unga.

Nisalimie wote hapo Chake.

Wifi yako