Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Leo tumechagua ugonjwa mmoja tu wa kuambukiza, kipindupindu, kwa kuwa ndio unaotupa muda mfupi zaidi wa kukosea.

Bakteria wake, Vibrio cholerae, huingia kwa maji au chakula chenye kinyesi. Dalili huanza muda wa saa 12 hadi siku 5 baadaye: kuharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, mara nyingi bila homa. Mgonjwa huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini, pengine kwa saa chache tu. Kwa hiyo ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa, ianze nyumbani, na njiani kuelekea zahanati aendelee kunywa.

Hapo ndipo watu hukosea. Pakiti ya lita 1 humiminwa kwenye kikombe kimoja ili dawa "ikolee", kumbe chumvi inamzidi mtoto na kuharisha kunaongezeka. Pakiti nzima ni ya lita nzima ya maji salama, yaani chupa 2 za nusu lita zilizojaa, na ikipita saa 24 mwaga. Pakiti ikikosekana, tumia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa lita 1. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mnyweshe kijiko kwa kijiko. Soda si mbadala.

Kwa maji ya kunywa, kidonge cha klorini (dawa ya kuua vijidudu majini) cha lita 20 ni cha ndoo ya lita 20, na husubiriwa dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana tope hula klorini. Kisha anakuja mtu na kikombe, anachovya na vidole, na kazi yote inaharibika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mlipuko ukitokea, magrupu ya WhatsApp hulitangulia gari la matangazo. Mmoja anasema ndimu inatosha, mwingine anasema klorini inaua uzazi. Sisi tunauliza: ujumbe una tarehe? Unataja mahali? Ofisi gani imetoa? Picha za mlipuko wa Dar es Salaam wa 2015 zinaweza kurushwa leo kama habari mpya. Tukikosa majibu hatusambazi. Tunapiga 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo, au tunasoma tovuti ya wizara na ya Shirika la Afya Duniani.

Maombi yetu ni matatu: ndoo 4 zenye koki, kipimo cha klorini, kwa kuwa harufu haitoshi kuonyesha kiasi, na nakala ya kila tangazo la mlipuko ifike kwenye ubao wetu siku ileile linapotolewa.

Tunaomba kuwasilisha.