Mwanangu, hiyo "sawa" isikilize kwanza

Marahaba mwanangu. Shikamoo yako niliipata jana usiku pamoja na ile skrinshoti, nikaikuza kwa vidole nikaisoma mara tatu, wewe umeandika mistari kumi na moja mumeo kajibu "Sawa" basi, alafu chini yake unaniuliza mama hapa anamaanisha nini. Nimelala nayo nimeamka nayo. Jibu langu ni kwamba sijui. Mimi nimemsoma tu sijamsikia, na wewe pia umemsoma tu, ndo mana nimeamua kukuandikia kirefu, hili haliishi kwa meseji mbili.

Hiyo sawa ina sura nyingi. Kuna sawa ya nimekubali, kuna sawa ya nimechoka tuyaache, kuna sawa ya utaona, na kuna sawa ya mtu yuko njiani nitakujibu vizuri nikifika. Ukimsikia anavyoitamka unajua hapohapo ni ipi, akiivuta, akiikata, akishusha pumzi kabla ya kuisema. Kwenye skrini zote ni herufi nne tu. Sasa anayesoma ndo anaitia sauti, na ukiwa na hasira unaitia sauti ya hasira, alafu unaingia kugombana na sauti uliyoitia mwenyewe.

Haya naongea kwa yaliyonikuta. Mimi na mama yako mkubwa tulikaa miezi nane hatuongei, ulikuwa bado shule na kila ukimuulizia nilikuwa nakwambia ana kazi nyingi. Bibi yako alikuwa kalazwa, nikaandika kwamba mwezi ule sina cha kuchangia, dada yangu akajibu "Haya sawa." Nikaisoma kama kejeli. Nikamwandikia meseji ndefu ya maneno ambayo hata leo sitaki kuyarudia, nikaona kasoma, hakujibu, na kila siku nilikuwa nafungua pale kuangalia kama yuko onlaini, nikimkuta onlaini naumia zaidi, yaani yuko hewani na mimi hanitafuti! Miezi nane. Siku bibi yako kanipigia, katikati ya maongezi akampa mwenzake simu bila kunitaarifu, nikasikia pumzi tu, alafu dada yangu akaniita lile jina la utotoni, akaniuliza, "Ulikuwa unaumwa?" Mwanangu nililia. Kumbe ile "Haya sawa" aliiandika amesimama kwenye foleni ya kulipia dawa, mkono mmoja una karatasi za hospitali, na alikuwa keshaamua kunilipia sehemu yangu. Ile meseji yangu ndefu ndo ilimvunja.

Kuna utafiti niliusoma baadae ukanigusa. Mwaka 2010 mtafiti Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, walichukua wasichana wa miaka 7 mpaka 12 wakawatia presha kidogo, wahutubie na kupiga hesabu mbele ya watu wasiowajua, alafu wengine wakakumbatiwa na mama zao, wengine wakaongea na mama kwa simu, wengine hawakumpata kabisa. Waliosikia sauti ya mama kwenye simu miili yao ilitulia, na ile homoni ya kuleta ukaribu, oksitosini, ilipanda karibu sawa na ya waliokumbatiwa. Mwaka 2012 wakaja na matokeo ya watoto waliochati na mama kwa maandishi, na hao homoni zao zilibaki kama za wale ambao hawakuwasiliana na mama kabisa. Hao walikuwa watoto na mama zao sio mke na mume, hilo najua, lakini nilipokuwa nasoma nilikumbuka ile pumzi ya dada yangu kwenye simu, na nikaelewa kwa nini sentensi moja ilimaliza miezi nane.

Kwaiyo mimi sikuambii uweke simu pembeni. Nyie mnaishi mbalimbali kwa ajili ya kazi, simu ndo nyumba yenu kwa sasa, nataka tu muitumie vizuri. Meseji iacheni ifanye kazi zake, umefika, nimetuma hela, kumbusha fundi aje. Kitu chenye uchungu ndani yake piga. Na kama mda haujakaa vizuri mwandikie "kuna jambo linaniuma nataka tuongee, saa ngapi utakuwa umetulia", hiyo meseji inatosha, usiweke jambo lenyewe humo. Akikutumia ujumbe wa sauti usiusikilize kwa kasi ya mara mbili jamani, tangu WhatsApp walete hiyo kitu mwaka 2021 watu tunakimbiza sauti za wapendwa wetu kama tangazo la redio. Pale anaponyamaza kidogo kabla ya kuendelea, pale ndo penye maneno mengi.

Na sio kila vidio koli lazima iwe ya maongezi. Pigianeni mkaweka simu mezani, wewe unakunja nguo yeye anafagia, mkikaa kimya mkae kimya, mmoja akikumbuka kitu aseme. Watu wanaoishi pamoja hawaongei mda wote.

Hizo tiki za bluu usizifanyie upelelezi. Zilikuja mwaka 2014 na zinakwambia ujumbe umefunguliwa tu, hazikwambii aliyeufungua alikuwa na moyo gani wala alikuwa amezungukwa na nani, na ukiona zinakusumbua unaweza kuzizima kwenye mipangilio. Lokesheni pia, ukiwa safari ya usiku mtumie na yeye akutumie, ni ulinzi mzuri, lakini kama mmoja analazimishwa kuiwasha kutwa nzima ili mwenzake amchunge hapo pana tatizo na simu haiwezi kulitatua. Paswedi hivohivo. Na nisikilize vizuri hapa, ukipiga ukakuta upande wa pili ni matusi au vitisho, hayo sio mambo ya kusikilizana tena, tunza kila alichoandika na unipigie mimi saa yoyote.

Kuna kitu kingine nakuomba msamaha. Ulikuwa na miaka kama saba, umekaa kwenye mkeka miguu umeikunja unanihadithia ya shuleni, mimi macho kwenye simu nasema "ehee... ehee". Ukanyamaza kusudi. Na mimi nikaendelea kusema "ehee" kwenye ule ukimya. Nilipoinua uso ulikuwa unaniangalia tu, hukukasirika, ukainuka ukaenda kucheza. Hiyo siku sijawahi kuisahau, na mpaka leo ukinipigia nakaa chini, kinachosubiri kitasubiri. Mumeo akija likizo msiiache simu kati yenu mezani, mana mlivyoisubiri hiyo likizo mnajua wenyewe.

Mwisho, nimekutumia faili la sauti. Ni bibi yako. Nilikuwa nalo kwenye simu ya zamani, ile iliyozima ghafla, na niliamini limepotea mpaka wiki iliyopita nimelikuta kwenye kadi niliyohamishia picha. Ni sekunde kumi na nne tu. Anakuita jina lako, anakohoa kidogo, anauliza "huyu mtoto keshafika?" alafu inakatika. Lihifadhi sehemu mbili, sio kwenye simu peke yake.

Mpigie mumeo kwanza leo jioni. Usianze na "ulimaanisha nini", muulize siku yake ilikuwaje umsikie sauti. Alafu msikilize bibi yako, alafu unipigie mimi, usinijibu hii kwa meseji.

Mama yako