Kaka, HAL Hakuagizwa Kusema Uongo

Kaka,

Nimeambiwa Idi hii ulitundika shuka jeupe ukutani pale barazani kwa baba mkubwa, ukawaonyesha vijana 2001: A Space Odyssey tangu mwanzo hadi mwisho, na walipoanza kusinzia pale masokwe wanapogombania kidimbwi cha maji ukawafokea wakae macho. Hapo nilicheka peke yangu. Halafu nikaambiwa filamu ilipokwisha mlibishana hadi saa saba za usiku, nawe ukashika msimamo wako ule ule wa miaka yote: kompyuta HAL, aliyewadanganya na kuwaua wanaanga wa chombo chake, hana kosa, wenye kosa ni waliomwagiza afiche.

Hapo sikucheka.

Nakuandikia hapa kwa sababu kule kwingine kote nilishakufungia, na sina nia ya kukufungulia kwa ajili ya hoja ya filamu. Mashangazi watakaofikiwa na barua hii wanisamehe. Wasomaji wengine wavumilie pia, maana kuna mambo sitayaeleza.

Hivi uliwaambia vijana filamu ile ni ya 1968? Kwamba Stanley Kubrick aliitoa mwaka na ushei kabla Armstrong hajakanyaga mwezi, na kwamba mwaka mmoja kabla yake, 1967, Waitaliano walikuwa wamesharusha satelaiti hapa kwetu, kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni? Uliwaambia nani alikuwa akivusha watu na mizigo kwa boti kwenda jukwaani? Tarehe 12 Desemba 1970, ilipopaa ile satelaiti waliyoipa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu, ya kwanza kupelekwa angani mahsusi kutafuta miali ya eksirei, mzee wangu alikuwa majini. Alisema moshi wa roketi ulipinda na upepo kabla mngurumo haujamfikia. Ndiyo maana filamu hii aliitazama tofauti na watu wengine. Alikuwa anakagua kazi. Kalamu inapoelea hewani mbele ya yule msafiri aliyelala, wewe na mimi tulishangaa, yeye akasogea karibu na televisheni akasema, "Imebandikwa kwenye kioo." Na kweli ilibandikwa kwenye kioo, miaka mingi baadaye nimesoma hivyo hivyo.

Na Dave, yule nahodha, anapojirusha kutoka kwenye kile chombo kidogo bila kofia, akiingia kwa mlango wa dharura? Anavuta pumzi, anaibana. Mzee hakumsamehe kamwe. Wapiga mbizi wa Kitaliano walimfundisha kwamba ukipanda juu haraka na hewa imejaa kifuani, mapafu yanapasuka, na palipo utupu mtupu ni balaa zaidi. Dave alipaswa kutoa pumzi yote kwanza. "Huyu ana shahada, lakini hajawahi kuzamia," alisema, nawe ukarudisha kanda nyuma tukatazama kifua cha Dave mara ya pili, ya tatu, mpaka ule mstari mweupe ukatokea kwenye picha ikabidi ufungue deki na kusafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti. Mikono yako ilikuwa mizuri kwa kazi ile. Sijasahau hilo.

Sijasahau pia ulivyokokotoa lile gurudumu wanamokimbia wanaanga. Lilijengwa kweli studioni Uingereza, upana wake kama mita 12, uzito tani 30 hivi, likizunguka na mwigizaji ndani. Ukaandika nyuma ya daftari langu la Kemia kwamba likizunguka mara tano kwa dakika uzito wa mtu utakuwa kama wa mwezini, na ukitaka uzito wa duniani lazima lizunguke zaidi ya mara 12, watu watapike. Nilipigwa shuleni kwa lile daftari. Hesabu ilikuwa sahihi.

Lakini kipande chetu kilikuwa kile cha simu. Daktari Floyd, yule mkubwa wa mambo ya anga, yuko kwenye kituo cha anga, anaingia kwenye kibanda, anampigia bintiye duniani kwa simu ya picha. Mtoto anajinyonganyonga kwenye kiti, hatulii, anaangalia pembeni kama watoto wote wanavyofanya ukiwapa simu. Floyd anamwambia hatakuwepo kwenye sherehe yake ya kuzaliwa. Anamuuliza anataka zawadi gani. Komba, anasema mtoto. Mzee alikaribia kuanguka mkekani. Komba! Wale wa kwetu waliokuwa wakipanda minazi usiku kumnywea mgema tembo lake, wakalewa, wakalia mpaka alfajiri juu ya bati! Kila mlevi aliyepita njiani baada ya siku ile mlimwita zawadi ya binti Floyd. Simu inakwisha, bei inatokea kwenye kioo: dola 1.70.

Watu husifu filamu hii kwa ilivyobashiri. Wanaanga wanakula huku wanatazama habari kwenye vibao bapa mezani, na mwaka 2011 Samsung waliipeleka picha hiyo mahakamani kujitetea dhidi ya Apple. Sawa. (Pia ilibashiri kwamba Pan Am itakuwa inapeleka abiria angani mwaka 2001, na Pan Am ilikufa 1991.) Mimi naona pale ilipolenga shabaha hasa ni kwenye ile simu, na si mtambo wenyewe. Walijua tutautumia kwa nini. Mtu wa kwanza kupiga simu ya picha katika filamu ile anapiga kusema haji.

Sasa tuje kwenye simu yako.

Ulipiga alasiri, mimi Muscat najiandaa kwa zamu ya usiku. Ulikaa uani kwetu. Nyuma ya bega lako kulikuwa na viti vyeupe vya plastiki vimepandanishwa, vya kukodi, vile vyenye jina la mwenye navyo kwa rangi nyekundu mgongoni. Nikauliza, viti vya nini hivyo? Hukubabaika hata kidogo. "Maulidi ya jirani, wameomba wavihifadhi hapa." Sauti ile laini, ya polepole, isiyopanda wala kushuka. Ukaniuliza nimekula nini. Ukaniambia mzee amelala, asubuhi alichoka kidogo, tusimwamshe. Kisha ukazima sauti upande wako, ukageuka kusema na mtu. Niliona midomo yako ikicheza. HAL aliisoma midomo ya Dave na mwenzake Frank kupitia kioo walipojifungia wasimsikie. Mimi sikuweza kuisoma yako. Shangazi alipita nyuma akiwa na ndoo, hakutazama simu, na shangazi hajawahi kupita mbele ya simu yangu bila kunipigia kelele.

Mzee alikuwa ameshazikwa, baada ya swala ya adhuhuri, siku ile ile.

Habari nilipewa na dada mmoja wa Lamu niliyekuwa nafanya naye kazi. Alinishika mkono korido akanipa pole, akidhani najua.

Baadaye ndipo ukaleta ule ujumbe wako mrefu wa sauti. Baba mkubwa aliamua. Mkataba wangu ulikuwa unaelekea mwisho, ningevunja ningepoteza malipo yote, kuwahi kuzika nisingewahi, basi nisiambiwe mpaka nimalize. Nilisikiliza nikamkumbuka Floyd tena. Unakumbuka? HAL ameshazimwa, wanaanga wote isipokuwa mmoja wamekufa, ndipo kioo kinawaka chenyewe na Floyd anaeleza kwa kanda iliyorekodiwa kabla ya safari kwamba kuna siri juu ya safari hii, na ndani ya chombo aliyeijua ni HAL peke yake. Ufafanuzi mzuri kabisa. Hauna wa kumsaidia.

Kwa hiyo nisikie vizuri, kaka, kwa sababu miaka yote ulinishinda kwa hoja hii na sasa hunishindi. Wewe husema: waliomtengeneza walimtaka awe mkweli, wakamwagiza afiche, kichwa kikampasuka. Arthur C. Clarke mwenyewe alikuja kueleza hivyo katika kitabu cha pili, 1982. Nakubali. Aliagizwa anyamaze kuhusu lile jiwe jeusi lililofukuliwa mwezini. Haya. Je, nani alimwagiza aseme kifaa cha AE-35, kile cha antena, kitakufa ndani ya saa 72? Hakuna. Kifaa kilitolewa nje, kikapimwa, kikaonekana kizima. Ule ubovu aliutunga mwenyewe, kwa sauti ile ile aliyotumia kumtakia Frank heri ya siku ya kuzaliwa. Na Frank ndiye aliyetoka nje kukirudisha, asiingie tena.

Baba mkubwa alikwambia unyamaze. Hakukwambia maulidi. Maulidi uliyatoa kichwani mwako, papo hapo, huku unanitazama. Wala hakukwambia useme mzee amelala. Usingeweza kuacha kupiga siku ile? Usingeweza kusema mtandao mbaya ukakata? Ningekasirika kidogo, basi.

Na usiniambie ulikuwa na huzuni. Najua ulikuwa nayo. Nimeambiwa wewe ndiye uliyeshuka mwanandani kumpokea, ukatoka na udongo mpaka kifuani, ukakataa kubadilisha kanzu mpaka magharibi. Mama amenisimulia hilo zaidi ya mara moja, nadhani anasimulia kwa makusudi. Ulimpenda kama baba yako, pengine zaidi, tusimtaje baba mkubwa. Kanzu ile ndiyo uliyokuwa umevaa kwenye simu? Nimejaribu kukumbuka. Nakumbuka uso tu na viti.

Sasa una watoto. Ushauri wangu, ukitaka upokee: wakikuuliza jambo zito usiwapoze. Mtoto akikuuliza viti vya nini, mwambie viti vya nini. Mtu mzima anaweza kubeba kifo. Hawezi kubeba kugundua kwamba alikuwa anacheka kwenye simu wakati wenzake wanaosha vyombo vya msibani. Na usimfundishe mtoto kwamba agizo la mkubwa linafuta ulimi wake. Ukimfundisha hivyo, siku moja atakufanyia na wewe, halafu utamfungia kama nilivyokufungia, na watu watakuita mkatili, watasema arobaini hukuja, harusi hukuja, una kiburi cha Uarabuni. Sikuja arobaini kwa sababu ningeketi kwenye viti vile vile. Harusi yako sikuja kwa sababu ningelazimika kukubusu mkono mbele ya watu na kusema yameisha.

Watu humwona Dave katili pale anapomzima HAL. Anaelea katika kile chumba chekundu na kifunguo kidogo mkononi, anazungusha, kipande kinachomoza, anazungusha kingine. HAL anasema anaogopa. Anasema akili yake inatoka, anaihisi. Kisha anaimba Daisy Bell, sauti ikizama, wimbo ule ule ambao kompyuta halisi ya IBM ilifundishwa kuimba mwaka 1961 na Clarke akausikia. Mzee alikuwa akitoka nje wakati huo kuvuta sigara. Wewe ulikuwa ukilia, na mimi nilikucheka, mtoto mdogo, sikujua. Lakini mtazame Dave usoni. Hajibu maombi yake, anahema tu, mpaka mwisho anapomwambia aimbe. Hana chuki. Ana chombo cha kurudisha mikononi mwake, na hawezi kukaa ndani pamoja na sauti asiyojua lini inasema kweli. Kwanza namba yako, kisha picha zako, kisha lile kundi la familia ambalo nilitoka mimi ili nisikuone. Ningefanya nini kingine? Kila ukisema "habari za asubuhi" nilikuwa naangalia nyuma ya bega lako.

Jambo moja ambalo sijui kama uliwaambia vijana, na kama hukuwaambia uliwapunja. Ile sataranji. Frank anacheza na HAL, mchezo uliochezwa kweli Hamburg mwaka 1910, na HAL anatangaza ushindi. Anapotaja hatua ya malkia wake anasema tatu, akihesabu miraba kutoka upande wa Frank, badala ya sita kutoka upande wake mwenyewe kama ilivyokuwa desturi siku zile. Wewe ulisema ni kosa la waandishi. Mzee alisema mashine ilishaanza kuharibika. Mimi nasema alikuwa anampima Frank kuona kama anafuatilia. Frank akautazama ubao, akamwamini, akajiuzulu bila kuhesabu.

Nakuja Shaabani. Nitafikia kwa mama, siyo kwa baba mkubwa. Kanda ya mzee ninayo mimi na siitoi, deki kama bado inafanya kazi iko kwako. Ukitaka kubishana kuhusu malkia njoo na ubao, mama atakufungulia mlango. Habari ya viti usiilete kama bado huna jibu zaidi ya "niliagizwa".