Heri ya Navaratri, kwa Jina la Mama wa Kutch

Ndugu, jamaa na majirani, heri ya Navaratri, sikukuu yetu Wahindu ya usiku 9 wa kumwabudu Mungu Mama! Usiku wa kwanza umewadia. Taa imeshawashwa ndani ya chungu chenye matundu, na jikoni ni viazi na muhogo, maana anayefunga hali nafaka siku hizi 9.

Kila majira haya moyo wangu huenda Mata no Madh, kijiji cha magharibi mwa Kutch, jimboni Gujarat, India, kilomita 100 hivi kutoka mji wa Bhuj. Ndiko aliko Ashapura, Mama anayeombwa atimize matumaini, mlinzi wa ukoo wa Jadeja uliotawala Kutch kwa karne nyingi. Wafanyabiashara wa Kutch waliopanda majahazi bandarini Mandvi wakaja na kaskazi hadi Unguja na Mombasa walikuja na ibada zao, na sisi ni wajukuu zao.

Sanamu yake ni jiwe lililopakwa rangi nyekundu, kimo cha futi 6 hivi, lenye jozi 7 za macho. Miguu haionekani. Wazee husimulia kwamba Devchand, mfanyabiashara wa Marwar asiye na mtoto, alimwabudu Mama mahali hapo Navaratri nzima. Akaoteshwa: nijengee nyumba, ila milango isifunguliwe mpaka ipite miezi 6. Akajenga, akahamia papo hapo kuilinda. Miezi 5 ilipopita akasikia nyimbo tamu ajabu zikitoka ndani. Subira ikamshinda, akafungua, akamkuta Mama ameinuka kutoka ardhini nusu tu. Akaanguka kuomba radhi. Akasamehewa, na mtoto akapata. Hapo ndipo ninapoipendea hadithi hii: alivunja agizo, na bado hakufukuzwa mlangoni.

Hekalu la mwanzo hutajwa kuwa la karne ya 14. Tarehe 16 Juni 1819 ardhi ya Kutch ilitetemeka kwa nguvu kiasi cha kuinua tuta la kilomita 80 hivi huko Rann, nyika ya chumvi, ambalo wenyeji waliliita Allah Bund, yaani tuta la Mungu. Hekalu likaharibika. Sundarji Shivji na Mehta Vallabhaji wakalijenga upya ndani ya miaka 5. Likaumia tena katika tetemeko la 26 Januari 2001, lililoua maelfu ya watu, likakarabatiwa tena.

Sasa Navaratri ikikaribia, barabara itokayo Bhuj hujaa mahujaji wanaokwenda kwa miguu, wengine wakitokea hata Mumbai. Kando ya njia watu wasiowajua huwatandikia mahema: maji, chai, chakula cha moto, na mikono ya kuwakanda miguu iliyovimba, bila senti moja. Kwangu mimi hiyo ni ibada sawa na ile ya ndani ya hekalu.

Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat, ngoma yetu ya mduara ya Navaratri, katika orodha ya turathi za binadamu, kwenye kikao cha Kasane, Botswana. Nilifurahi sana kwamba ilipitishwa katika ardhi ya Afrika, ambako wazee wetu wameicheza vizazi kwa vizazi.

Basi karibuni uwanjani, na majirani msio Wahindu njooni pia, mduara unatanuka. Wagonjwa na wazee wasioweza kutoka, tuambieni mapema, vijana watawaletea prasad, chakula kilichobarikiwa, nyumbani. Mama awape afya na riziki.

Jai Mataji!